UZI: Wodi ya afya ya akili huchorwa na sera kabla msanifu hajashika kalamu. Njooni tuongelee majengo yetu

#1 Mchora Ramani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma mtanisamehe.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Juzi kati ofisini kwetu imeingia kazi ya wodi ya wagonjwa wa akili kwenye hospitali moja ya serikali (siitaji, na msinifuate PM). Maelekezo ya mteja yalikuwa nusu ukurasa. Vitanda 20, ukuta wa mita 3 kuzunguka, geti moja la chuma, korido moja katikati na vyumba huku na huku, madirisha yaanzie juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, na vyumba viwili "vya wasumbufu" visivyo na dirisha kabisa. Sehemu ya kukaa mchana haipo. Sehemu ya ndugu kukaa na mgonjwa wao haipo. Maegesho ya magari manne yapo.

Nikamuuliza mhusika haya maelekezo yametoka wapi. Akanijibu kwa upole tu: ndivyo wodi hizi zinavyokuwa.

Na hajadanganya. Ndivyo zilivyokuwa tangu babu zetu. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, ilianza 1910 kwenye majengo yaliyokuwa ya kutengea wagonjwa wa ndui. Yaani siku ya kwanza kabisa mgonjwa wa akili aliingizwa kwenye jengo lililokusudiwa kuzuia maambukizi. Mirembe ya Dodoma ikaja 1927, enzi za Mwingereza. Serikali ya kikoloni haikuwa na shida ya kutibu, ilikuwa na shida ya kuondoa watu barabarani. Na hata ingetaka kutibu, ingetibu na nini? Klopromazini, ile Largactil ya manesi wakongwe, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Kwa hiyo ramani tunayoinakili mpaka leo ni ya zama ambazo dawa ya ugonjwa wenyewe haikuwepo. Ukuta ndio ulikuwa dawa.

Sasa leo dawa ipo, sheria mpya zipo (ya kwetu ya Afya ya Akili ni ya 2008), sera zimeandikwa vizuri, zinasema haki na utu na kumrudisha mgonjwa kwenye jamii. Halafu pesa ikitoka inajenga ya 1927.

Kuna hospitali moja Sweden, mji wa Gothenburg, inaitwa Östra. Mwaka 2006 walifungua jengo jipya la wagonjwa wa akili. Kila mtu chumba chake na choo chake. Sebule zenye viti vinavyohamishika, ili mtu achague akae karibu na wenzake au ajitenge. Bustani ndani. Mwanga wa kutosha, kelele kidogo, na manesi wanakaa mahali wanapoona watu bila kuwachungulia. Profesa Roger Ulrich na wenzake wakalinganisha jengo hilo na lile la zamani lililohamwa, wakaongeza na hospitali nyingine ambayo haikubadilisha kitu. Utafiti ukatoka 2018: kufunga wagonjwa kulipungua kwa karibu nusu ukilinganisha na jengo la zamani, na sindano za lazima zikapungua pia.

Hoja yangu ni hii. Msanifu anapokabidhiwa nusu ukurasa wa "geti, ukuta, vyumba vya wasumbufu", wodi imeshachorwa. Kilichobaki ni kuweka vipimo. Kwa hiyo tukitaka wodi nyingine tusiwalaumu wachoraji, tuufuate huo nusu ukurasa. Nani anauandika, na anaunakili kutoka wapi?

Wahudumu wa afya, wanasheria, mliowahi kuuguza ndugu, karibuni.

#2 Ngosha wa Nyakato

Mkuu na heshima zote, zahanati ya kwetu paracetamol inaisha tarehe 10 ya mwezi. Wewe unatuletea bustani za Sweden, chumba kimoja mtu mmoja. Kuna wodi za wazazi wanalala wawili wawili kitanda kimoja! Tuanze na dawa, mambo ya mandhari baadaye.

#3 Kijiwe Nongwa

Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

#4 Sista wa Zamu

Mleta mada umenigusa mbavu. Nimefanya kazi wodi hizi miaka mingi, ngoja niseme kile ambacho ramani haikioni.

Usiku mko wawili. Nesi mmoja na mhudumu mmoja. Chumba chenu kiko mwanzo wa korido karibu na geti, kwa sababu aliyechora alifikiri kazi yenu kubwa ni kulinda geti. Chumba cha mwisho kiko mbali, huoni kinachoendelea, unasikia tu. Ukisikia kishindo unaondoka na bunda la funguo mkononi. Wagonjwa wote wanaujua huo mlio. Aliyekuwa ametulia anakaa kitandani, aliyeanza kupandwa anapanda zaidi, maana anajua funguo zikija na sindano inakuja. Mpaka ufike, kile ambacho ungekimaliza kwa maneno mawili dakika tano nyuma sasa kinataka watu wanne. Wewe una mtu mmoja. Hapo ndipo mtu anafungwa. Watu wa nje wanadhani tunapenda kufunga watu. Jengo limekunyima macho, mikono huna, unafanyaje?

Kingine hakisemwi. Dawa zetu hizi zinaharibu uwezo wa mwili kujipoza. Mgonjwa wa klopromazini ukimweka kwenye chumba cha bati lisilo na dari, dirisha liko juu kama la stoo, mchana wa Dodoma au Shinyanga, unamuumiza. Na ukimtoa nje kwenye uwanja mweupe usio na mti, dawa hiyohiyo inafanya ngozi iungue na jua haraka. Kinywa nacho kinakauka, anataka maji kila saa, bomba liko nje ya geti! Basi anagonga geti. Anaandikwa msumbufu.

Ngosha, dawa unayoidai wewe inataka kivuli na maji. Hivyo si vitu viwili tofauti.

Ila mleta mada nikukumbushe. Ukinijengea hiyo sebule ya Sweden halafu zamu ikabaki ya watu wawili, nitaifunga sebule kwa kufuli na nitakaa na ufunguo. Kabisa.

#5 Mchora Ramani

Sista, hilo la kivuli na klopromazini sikulijua, na halimo kwenye mwongozo wowote niliowahi kupewa. Nalichukua.

Ngosha, sibishani kuhusu dawa. Ila tazama ninachodai ni nini. Dirisha ukilianzishia sentimeta 75 kutoka sakafuni badala ya mita 2, tofali zinapungua, haziongezeki. Chumba cha manesi ukikitoa getini ukakiweka katikati, ambapo mbawa mbili zinakutana, ni tofali zilezile. Baraza ni nguzo na bati. Mwembe hauna bei. Ukuta wa mita 3 kuzunguka kiwanja kizima ndio unakula pesa, na huo hakuna aliyeuliza unagharimu kiasi gani kwa sababu "ndivyo zinavyokuwa".

Huyo Ulrich alianza zamani na jambo dogo sana. Mwaka 1984 alitoa utafiti wa hospitali moja ya Pennsylvania, wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Nusu dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Upasuaji uleule, wodi ileile.

Wagonjwa wa akili wenyewe wana utafiti wa kwao. Milan, 2001, Benedetti na wenzake walikuta wenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) waliolazwa na sonona kwenye vyumba vya mashariki, vinavyopata jua la asubuhi, walikaa hospitali siku 3.67 pungufu kuliko wa vyumba vya magharibi. Hapa msinakili kichwakichwa lakini. Milan wanaliwinda jua, sisi tunalikimbia. Kwetu jengo linapangwa urefu wake uende mashariki na magharibi ili madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, jua lisiingie moja kwa moja. Nilichofanya ni kuweka baraza upande wa mashariki, watu wakanywe chai hapo asubuhi, saa nne jua likipanda wanarudi kivulini.

Na mtu asidhani mambo haya ni ya wazungu peke yao. Hospitali ya Butaro kule Rwanda, wilaya ya Burera, ilifunguliwa 2011. Si ya akili, ni hospitali ya wilaya, lakini aliyeichora alizitoa korido nje zikawa baraza kwa sababu korido za ndani zilikuwa zinasambaza kifua kikuu. Vitanda vikageuzwa vitazame dirishani, mgonjwa anaona milima. Mawe ya volkano ya palepale, mafundi wa palepale.

#6 Dada Mkubwa

Samahanini, mimi si mtaalamu. Mdogo wangu wa mwisho ameugua tangu akiwa chuo. Amelazwa mara kadhaa hospitali tofauti, sizitaji.

Nisemee upande wa ndugu. Ukienda kumuona mgonjwa wa malaria unakaa kitandani kwake, unamlisha, unamchana nywele, mnapiga stori. Wa kwangu nilikuwa namuona kupitia nondo za geti. Nimebeba hotpoti ya ndizi nyama, chakula anachokipenda, haipiti. Nesi anafungua anaichukua, mimi nasimama pale nje juani na wenzangu tumepanga foleni. Tunaongea kwa kupiga kelele kwa sababu nyuma yake kuna wengine nao wanaongea na ndugu zao. Siku ile akaniambia, "dada, wananionea kama mwizi." Sikuwa na la kumjibu maana kweli lilikuwa ni geti la mahabusu.

Halafu akiruhusiwa, daktari anakuambia familia ndiyo itakayomsimamia dawa. Familia ipi? Ileile iliyozuiwa getini wiki tano? Hakuna aliyetufundisha kitu, hakuna chumba ambacho tungekaa na daktari tukaelezwa. Karatasi ya kuruhusiwa nilipewa nimesimama.

Mchora Ramani, ukiweza utuwekee hata benchi.

#7 Mchora Ramani

Pole sana dada. Benchi lipo, na limepata chumba.

Kwa faida ya wengine: hili la ndugu Waafrika walishalifanyia kazi vizuri zamani. Mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria, alifungua hospitali ya Aro pale Abeokuta, na badala ya kungoja wodi zijengwe akaongea na vijiji vinavyoizunguka. Mgonjwa anakuja na ndugu mmoja, wanapanga chumba kwa mwanakijiji, ndugu anapika, asubuhi mgonjwa anakwenda hospitali kutibiwa, jioni anarudi kijijini kwenye ngoma na soko kama mtu mwingine. Wanakijiji wanapata kodi ya chumba, na vijiji vikapata maji. Dakar nako, hospitali ya Fann chini ya Henri Collomb, ndugu alikuwa analazwa pamoja na mgonjwa wake.

Sisi wenyewe enzi za Mwalimu tulikuwa na vijiji vya kilimo vya wagonjwa, Hombolo nje ya Dodoma ni kimojawapo. Na Lutindi kule Usambara, iliyoanza na wamisionari wa Kijerumani kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kuwa hospitali ya akili, imejulikana miaka yote kwa wagonjwa kufanya kazi, mashamba ya chai na karakana. Wagonjwa wa vurugu wapo, lakini mtu mwenye jembe au mshumaa wa kutengeneza ana sababu ya kuamka.

#8 Wakili wa Kizingo

Waungwana, nawasoma kutoka Mombasa. Mleta mada amesema kweli ila ameishia kwa mteja wake. Mteja naye ana bwana wake, na huyo ni sheria.

Mfano wa karibu. Kwetu Kenya, kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kwenu Tanzania kipo cha 217. Sasa fikirini chumba cha mtu aliyeletwa amekunywa sumu. Kwa daktari ni mgonjwa mahututi. Kwa sheria ni mshukiwa. Basi askari huketi mlangoni na mkono wa mgonjwa waweza kuwa umetiwa pingu kwenye kitanda. Hata mngechora chumba kizuri namna gani, kile kiti cha askari hakimo kwenye ramani na ndicho kinachotawala chumba. Januari 2025 Mahakama Kuu yetu ilisema kifungu hicho kinakiuka katiba. Hukumu moja, na chumba kinabadilika bila ya kusogeza tofali.

Na sheria yetu ya Afya ya Akili ya 1989 ilifanyiwa marekebisho makubwa 2022. Kaunti zimepewa wajibu wa kutoa huduma hizi. Maana yake ni kwamba mtu wa Lamu hatarajiwi tena kusafirishwa hadi Nairobi, kwenye geti ambalo mamake hawezi kulifikia. Wajibu ni jambo moja, bajeti ya kaunti ni jambo lingine, hilo nalijua, msinikumbushe.

Lakini mfano nnaoupenda ni wa Marekani, kwa kuwa pale sheria ilichora jengo kwa tarakimu. Medicaid, bima yao ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ilipoanzishwa 1965 ilikataa kulipia mtu mzima wa chini ya miaka 65 akilazwa kwenye taasisi ya magonjwa ya akili. Baadaye, 1988, ikafafanuliwa kuwa taasisi ni ile yenye vitanda zaidi ya 16. Basi nchi nzima ikaanza kujenga nyumba za vitanda 16! Si 17, si 20. Hakuna daktari aliyesema 16 ndiyo namba ya kupona. Siku hizi baadhi ya majimbo hupewa ruhusa maalumu, lakini majengo yameshasimama.

Kwa hivyo swali langu kwa mleta mada: vitanda 20 ulivyopewa, nani kasema 20?

#9 Mchora Ramani

Wakili umenimaliza. Nimeuliza. Ishirini ilitokana na upana wa kiwanja kilichobaki nyuma ya mochwari.

Ndiyo, wodi iko nyuma ya mochwari. Hilo nalo lina historia yake.

#10 Kijiwe Nongwa

Nyuma ya mochwari 😳 yaani mtu ana sonona halafu dirisha linatazama jeneza. Miti ya Pennsylvania hiyo.

#11 Mpiga Box wa Udine

Salaam kutoka kaskazini mwa Italia. Niko saa moja na kitu kwa treni kutoka Trieste na hapo ndipo mjadala huu ulipofikishwa mwisho kabisa.

Daktari Franco Basaglia alikabidhiwa hospitali ya San Giovanni mwaka 1971, ikiwa na wagonjwa kama 1,200. Akaanza kufungua milango. Mwaka 1973 wagonjwa na wasanii wakatengeneza farasi mkubwa wa rangi ya buluu, wakamwita Marco Cavallo, wakataka kumtoa waandamane naye mjini. Farasi akagoma kupita mlangoni, mkubwa mno. Wakavunja wakatoka. Mei 1978 bunge likapitisha Sheria namba 180: marufuku kujenga hospitali mpya za vichaa, zilizopo zifungwe taratibu. Basaglia mwenyewe alifariki 1980 hata hajaona mwisho wake.

Leo San Giovanni ni bustani ya umma. Mimi nimeenda kuangalia waridi, kuna ofisi, kuna idara za chuo kikuu, wanafunzi wanavuta sigara. Huduma zimehamia kwenye vituo vya mitaani vinavyofunguliwa saa 24, vina vitanda vichache tu, ukipita nje utadhani ni nyumba ya mtu. Mlango haufungwi.

Mleta mada anataka kuboresha wodi. Mimi nauliza, kwa nini kuwe na wodi?

#12 Bongo Joburg

Mkuu wa Udine, taratibu. Nipo Gauteng, jimbo la Johannesburg, Afrika Kusini. Huku nako walisema "warudi kwenye jamii". Mwaka 2016 idara ya afya ya jimbo ilivunja mkataba na Life Esidimeni, kampuni binafsi iliyokuwa inawatunza wagonjwa wa akili, ili kubana matumizi, wagonjwa zaidi ya elfu moja wakahamishiwa kwenye vikundi vya hiari. Ombudsman (mchunguzi wa malalamiko) wa afya Malegapuru Makgoba alipochunguza akakuta vikundi vyote 27 leseni zao si halali. Watu 144 walikufa. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke alipokaa kusikiliza, familia zilieleza njaa, kiu, baridi, wengine hawakujua ndugu yao kapelekwa wapi mpaka walipopigiwa simu ya msiba.

Maneno yalikuwa yaleyale ya Trieste. Jamii, haki, kufunga taasisi. Tofauti ni kwamba Trieste walijenga vituo kwanza ndipo wakafunga geti, Gauteng walifunga kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia wodi ifutwe namuuliza: siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi huyu mtu atakunywa uji wapi?

#13 Sista wa Zamu

Bongo Joburg umesema. Na mimi naongeza, wengi wetu hatuhitaji Trieste wala wodi, tunahitaji mahali pa kuanzia. Zimbabwe Dk. Dixon Chibanda tangu 2006 anaendesha mpango wa mabibi wanaokaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, chini ya mti, wanaongea na mtu mwenye mawazo mengi kwa utaratibu waliofundishwa. Ulifanyiwa jaribio kwenye kliniki 24 za Harare, matokeo yakachapishwa 2016, waliopita kwa mabibi dalili zao zilipungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hata Zanzibar. Nalitaja kwa sababu kule faragha imepatikana bila ukuta: liko nje, watu wanaona umekaa na bibi, hakuna anayesikia.

Kwetu chumba cha ushauri nasaha kina dirisha linalotazama foleni ya maabara. Nani ataongea?

#14 Ngosha wa Nyakato

Nimesoma zote. Sawa, nimelegea kidogo kwenye kivuli na maji. Ila swali la mtaani: wagonjwa wengine wanajidhuru. Dirisha chini, milango wazi, bustani. Akijinyonga nani anajibu? Mtaenda kumwambia mama yake kuhusu Sweden?

#15 Mchora Ramani

Swali zito na ndilo linalotumika kutetea madirisha ya juu. Ila angalia hizo wodi za zamani kwa jicho la kazi: bomba la bafu limetokeza ukutani, nondo za dirisha, ndoano ya chandarua darini, mkono wa kitasa. Zina ukuta wa mita 3 na zimejaa mahali pa kufungia kamba. Ukuta unamzuia asitoroke, haumzuii asife. Hayo ni matatizo mawili, na tumekuwa tukilipia moja.

Waingereza waliagiza hospitali zao zote ziondoe reli za mapazia zisizokatika kwa uzito, kwenye vitanda na bafuni, mwisho ukiwa 2002. Agizo la sera, kifaa cha bei ndogo. Vifo vya kujinyonga wodini vikapungua. Hakuna aliyejengewa gereza.

Kwenye ramani yangu bafu limefichwa ukutani, kinyunyizio kimeinamishwa, chandarua kinanasa kwa sumaku kinachoachia kikivutwa. Nondo nimeziondoa, nimeweka wavu wa chuma wa matundu madogo, kidole hakipiti, ila mwanga na upepo vinapita na unaona nje. Dari za bodi tu, mbao za paa zisionekane.

Kikao na mteja kilikuwa Alhamisi, niwape mrejesho. Chumba cha manesi katikati: wamekubali, tena mganga mfawidhi ndiye aliyekitetea. Dirisha la sentimeta 75: wamekubali. Baraza, bomba la maji ndani ya uzio, chumba cha ndugu: ndiyo. "Vyumba vya wasumbufu": kimebaki kimoja, chenye dirisha, kimeandikwa chumba cha utulivu, na kiko hatua chache kutoka kwa nesi. Ukuta: umebaki mita 3 upande wa barabara, pande nyingine ni uzio wa waya na michongoma. Nyuma ya mochwari: imeshindikana, kiwanja hamna, mlango wa wodi tumeugeuzia upande wa pili na mstari wa miti unapandwa kati.

Kubwa zaidi ni kwamba nimeomba nusu ukurasa ule uandikwe upya na utunzwe faili la hospitali, mwenye wodi inayofuata anakili huu. Wamesema nilete rasimu. Kazi nyingi za serikali siku hizi zinakwenda kwa fosi akaunti (taasisi inajenga yenyewe na mafundi wa kawaida, bila mkandarasi) na ramani za kunakili, fundi anapewa karatasi anaanza msingi. Karatasi ikiwa nzuri, mafundi wa wilaya kumi wanajenga vizuri bila kuhudhuria semina yoyote.

Kimebaki kitu kimoja sina uhakika nacho na rasimu inaondoka kesho jioni. Milango ya vyumba vya kulala na vyoo. Mteja anataka ifunguke kwa ndani kama nyumba ya kawaida, mimi nasita. Sista?

#16 Sista wa Zamu

Kwa nje! Usikubali kwa ndani. Mtu akijifungia akasukuma kitanda mlangoni, au akazimia choo kidogo akaanguka nyuma ya mlango, wa kufungukia ndani hutaweza kuusukuma, itabidi uuvunje. Na usiweke komeo la ndani ambalo siwezi kulifungua kwa nje. Mgonjwa awe na komeo lake, ni haki yake avae nguo kwa faragha, ila mimi niwe na sarafu tu ya kuligeuza upande wangu. Mlango wa choo ukatwe juu na chini, ubavu wa juu uwe mteremko isipatikane pa kuning'inizia kitu.

Na andika kwenye hiyo karatasi yako, kabla ya vipimo vyote, wahudumu wangapi kwa zamu ya usiku. Andika namba.

#17 Dada Mkubwa

Na chumba cha ndugu kiwe na meza. Hotpoti haikai magotini.

#18 Mchora Ramani

Imeandikwa. Wahudumu wanne usiku, milango kwa nje, meza moja na viti sita visivyogongomewa. Wenye la kuongeza wekeni hapa kabla ya kesho saa kumi.